Simu imesema huenda ni saratani ya ngozi ya kichwa: nikubali kukatwa kinyama?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Ni kama miaka mitatu sasa nywele za utosini zinapungua. Ilianza sehemu ndogo kama sarafu ya mia mbili, leo imefika upana wa kiganja. Panawasha, na nikitoka kusuka panachoma. Ngozi ya hapo imekuwa laini na inang'aa. Msusi wangu alisema ni fangasi, nikapaka mafuta ya dukani na dawa ya mapunye, hakuna badiliko. Mama yangu mzazi naye ana upara wa hivyo hivyo. Mwezi uliopita mwanangu aliyeko chuo alinipiga picha mchana, akaiweka kwenye programu ya akili mnemba ya simu. Ikajibu huenda ni saratani ya ngozi. Jioni akapiga nyingine, ikasema ni upara wa kawaida. Nimesikia redioni kwamba mashine hizi sasa zinagundua saratani kuliko madaktari. Hospitali wameniambia nikatwe kinyama kikapimwe, lakini jirani anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Niamini lipi? Na nikikatwa, nywele zitarudi?"

Marahaba, mama. Pole kwa miaka mitatu ya muwasho, na pole zaidi kwa usingizi uliopotea tangu simu itamke neno saratani. Nianze na kile unachokisubiri: kwa maelezo yako, saratani si jambo la kwanza ninalolifikiria. Upungufu ulioanzia utosini na kutanuka taratibu kwenda nje, muwasho, kuchoma, ngozi laini inayong'aa, na mama mzazi mwenye hali hiyo hiyo: vyote hivyo vinaelekea kwenye upara wa makovu wa utosini. Ndiyo aina ya upara wa makovu inayowapata zaidi wanawake weusi. Lakini sitaki ushushe pumzi ukarudi sokoni kana kwamba yameisha. Ugonjwa huu hauui, ila hausubiri. Kila mwezi unaopita bila tiba, kuna nywele zinazopotea zisiweze kurudi tena. Kwa hiyo nakushauri ukubali kipimo cha kinyama, na ukubali mapema.

Nikueleze kinachotokea chini ya ngozi, kwa sababu ukikielewa hicho utaona mwenyewe kwa nini picha ya simu haitoshi.

Kila unywele huota ndani ya kishimo kidogo kinachoitwa kinyweleo. Ubavuni mwa kishimo hicho, juu kidogo ya shina la unywele, zimekaa seli shina, zile zinazotengeneza unywele mpya kila ule wa zamani unapodondoka. Mtu akipukutika nywele baada ya kujifungua, baada ya homa kali au kwa upungufu wa damu, seli hizo zinabaki hai, na baada ya miezi kadhaa nywele huota upya. Kwenye upara wa makovu mambo ni tofauti. Chembe za kinga ya mwili hujikusanya kuzunguka kinyweleo, hasa karibu na zilipo seli shina, na kuleta uvimbe mdogo mdogo wa ndani usioonekana kwa macho. Uvimbe huo ukidumu, seli shina hufa, kishimo huziba na nafasi yake huchukuliwa na kovu. Ndiyo maana utosi wako unang'aa: vile vitundu vya kutokea nywele havipo tena pale katikati. Vita yenyewe sasa hivi inapiganwa pembeni, kwenye mstari ambapo nywele bado zipo lakini zimekonda na panawasha. Huo mstari ndio tunaotaka kuuokoa.

Kuhusu fangasi, msusi wako hakukutakia mabaya. Mapunye yapo na yanafanana kidogo, ila huwapata watoto zaidi kuliko watu wazima, huja na magamba na nywele zilizokatika, na hata yangekuwa ndiyo yenyewe, mafuta ya kupaka peke yake yasingeyaponya. Fangasi wa kichwani hutibiwa kwa vidonge, kwa wiki kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini najua linakusumbua, maana kila mama anayeingia kliniki na tatizo hili huanza kwa kujilaumu: "ni dawa za nywele nilizoweka ujanani." Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliueleza upara huu wakalilaumu chanuo la moto na mafuta yake. Baadaye wakaonekana wanawake wenye upara huo huo ambao chanuo la moto hawakuwahi kuligusa. Mwaka 2019 watafiti, wakiwamo wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba karibu robo ya wanawake waliopimwa walikuwa na mabadiliko kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa PADI3. Jeni hiyo husaidia kuunda unywele uwe imara. Ikiwa na kasoro, unywele hujengeka vibaya, na inaelekea kinyweleo kinakuwa rahisi kuumia. Joto, dawa kali na kusuka kwa kubana vinakuja kuongeza juu ya hapo. Kwa hiyo saluni ina mchango, ila si mkosaji pekee, na mama yako mzazi ni sehemu ya maelezo. Kama una binti au wadogo zako wa kike, waambie wasingoje miaka mitatu wakiona utosi unawasha na kupungua.

Jingine linalohusiana: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipitia kumbukumbu za matibabu za wanawake weusi zaidi ya 480,000. Miongoni mwa wenye upara huu, karibu asilimia 14 walikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule wa faibroidi, dhidi ya asilimia 3 hivi ya wasio nao. Haina maana kwamba kimoja kinasababisha kingine. Lakini kama hedhi yako ni nzito au tumbo la chini limejaa, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye simu. Redio haikukudanganya, ila ilikupa nusu ya habari. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifundisha programu kwa picha zipatazo 129,000 za magonjwa ya ngozi, kisha wakaishindanisha na madaktari 21 wa ngozi katika kutofautisha saratani na visivyo saratani. Programu haikuachwa nyuma. Nchini Sweden, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 kwa wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti yalionyesha kwamba mashine ikimsaidia daktari kusoma picha, saratani zinazogunduliwa hazipungui, na kazi ya kusoma hupungua kwa asilimia 44. Hayo ni mafanikio ya kweli na mimi nayafurahia, kwa sababu nchi yetu haina madaktari wa kutosha wa kusoma picha wala vipimo vya vinyama. Siku moja msaada huo utatufaa sana huku Kanda ya Ziwa.

Tazama lakini tafiti hizo zilifanya nini hasa. Mashine iliulizwa swali moja jembamba. Picha zilikuwa za aina ile ile iliyofundishwa nazo. Majibu sahihi ya zile picha za ngozi za mashindano yalikuwa yamethibitishwa kwanza kwa kinyama kilichopimwa. Na kule Sweden, mwenye uamuzi wa mwisho alibaki kuwa daktari. Simu ya mwanao haikuwa na lolote kati ya hayo.

Mashine ya namna hii haijui ugonjwa, inajua kufanana. Inaonyeshwa maelfu ya picha zenye majina, inatafuta yanayojirudia, kisha picha mpya inaipa jina la kile inachofanana nacho zaidi. Mtu aliyefundishwa samaki wa ziwa letu kwa picha za sato na sangara tu, ukimwekea kamongo mezani atakutajia mojawapo ya hao wawili, na atakutajia bila kusita. Kama waliotengeneza programu ile hawakuiwekea upara wa makovu wa mwanamke mweusi, haina jina hilo la kukupa. Italazimika kuchagua kati ya majina iliyonayo.

Na ngozi zetu zimeachwa nje kwa kiasi cha kusikitisha. Watafiti wa Uingereza walikusanya hazina 21 za picha za ngozi zinazopatikana kwa wote, zile ambazo watengenezaji wa programu huzitumia kufundishia. Jumla zilikuwa picha zaidi ya 106,000. Rangi ya ngozi ilikuwa imeandikwa kwenye picha 2,436 tu, na kati ya hizo picha za watu wenye ngozi ya kahawia zilikuwa 10, na ya mtu mwenye ngozi nyeusi kabisa ilikuwa 1. Moja, mama. Mwaka 2022 watafiti wengine walizijaribu programu kadhaa kwa picha za watu wa rangi mbalimbali, zote zikiwa na jibu la kinyama, wakakuta zinafanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Sisi wenyewe tunajua kwa nini ni rahisi kukosea: wekundu unaotajwa vitabuni, kwenye ngozi zetu unaonekana kama weusi uliokolea au zambarau.

Halafu mashine inaweza kujifunza jambo lisilohusika kabisa. Kuna programu iliyogundulika kwamba picha ikiwa na rula pembeni, inaelekea zaidi kusema ni saratani. Sababu ni kwamba madaktari huweka rula wanapokipiga picha kidonda wanachokitilia shaka, hivyo programu ikajifunza rula badala ya kidonda. Kwenye kichwa chako inaweza kuwa ni mafuta yaliyong'aa mchana, au kivuli cha jioni. Kichwa ni kile kile, siku ni ile ile, ugonjwa haukubadilika ndani ya saa chache, na majibu yakawa mawili yanayopingana. Hapo programu imekuonyesha yenyewe kwamba halikuwa jibu la kuegemea.

Kuna hesabu moja pia ambayo matangazo ya programu hizi huiruka. Chukua mfano wa kubuni, namba ni za kuelezea tu. Wanawake 1,000 wana upungufu wa nywele utosini, na 2 kati yao wana saratani kweli. Mashine nzuri inakamata saratani 9 katika kila 10, na inamtisha bure mtu 1 katika kila 10 wasio nayo. Itawakamata hao wawili, halafu itawatisha wengine karibu 100 wasio na saratani. Ukiwa katika kundi hilo la walioambiwa "huenda ni saratani", wenye nayo kweli ni 2 kati ya watu 100 na kidogo. Kwa hiyo hata mashine isiyokosea sana, ikitafuta kitu kilicho nadra, vitisho vyake vingi huwa vya bure. Vilevile isichukuliwe kinyume: ikisema "kawaida", haijakupa ruhusa ya kukaa nyumbani.

Sisemi kwamba saratani haiwezekani kabisa. Zipo njia chache ambazo upara wa makovu na saratani hukutana, na nakutajia ili ujikague. Lupus ya ngozi ya kichwa, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia ngozi yenyewe, ikiachwa miaka mingi, makovu yake yanaweza kuota saratani. Kovu la kuungua moto, likiwa na kidonda kisichopona kwa miaka, nalo ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wenye ualbino wako kwenye hatari kubwa kwa sababu ya jua, kichwani, masikioni na shingoni. Na mara chache sana, saratani ya sehemu nyingine, hasa ya titi, hutua kwenye ngozi ya kichwa na kuacha baka gumu lisilo na nywele linalofanana kabisa na kovu. Kwa hiyo jikague matiti leo. Ukikuta uvimbe titini, au kichwani pana kidonda kisichofunga kwa zaidi ya mwezi, panatoka damu bila kujikuna, au pana kinundu kigumu kinachokua, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii.

Tufike kwa jirani yako na kisu. Maneno hayo yamewachelewesha watu wengi sana kwenye ufukwe huu, na yanaumiza kuyasikia kwa sababu yanatoka kwa watu wanaokupenda. Yalivyozaliwa inaeleweka: mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anatumia dawa za mizizi, anafika hospitali ukiwa umeshasambaa, anakatwa kinyama, majibu yanatoka, na miezi michache baadaye anafariki. Familia inakumbuka kisu, haiukumbuki ule mwaka. Saratani husambaa kwa tabia yake yenyewe, kupitia damu na mishipa ya limfu, iwe imeguswa au haijaguswa. Kuna uvimbe wa aina chache, kama wa korodani au wa ndani ya misuli na mifupa, ambao madaktari wa upasuaji hupanga kwa uangalifu mahali pa kupitisha sindano au kisu. Kinyama cha ngozi ya kichwa hakimo katika hayo. Na bila kinyama, hata ile mashine bora kabisa ya kusoma vipimo vya maabara haina cha kusoma.

Chenyewe ni kidogo kuliko unavyokiwazia. Utachomwa sindano ya ganzi, hiyo ndiyo inayouma, kwa sekunde chache. Kisha kifaa cha duara chenye upana wa milimita 4 hivi kinazungushwa na kutoa kipande kinachofika chini ya mizizi ya nywele. Unashonwa nyuzi moja au mbili, zinatolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Sokoni unaweza kurudi kesho yake ukiwa umefunga kitambaa safi. Damu kidogo itatoka, maana kichwa kina mishipa mingi. Kama huwa unaota makovu ya kuvimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hawajaanza.

Ombi moja muhimu kwa anayekukata: kitolewe pembeni, mahali penye nywele zilizokonda na panapowasha, kisitolewe katikati panapong'aa. Katikati vita imekwisha, hadubini itaona kovu tu, na majibu yatarudi hayana jina la ugonjwa. Daktari wa ngozi mwenye dermoskopi, kile kioo cha kukuzia chenye taa, atakusaidia kuchagua nukta yenyewe. Mwanza una bahati: Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, na patholojia, yaani maabara ya kupima vinyama, na tiba ya saratani viko hapo hapo. Ukipitia kwanza hospitali ya Sekou Toure au kituo cha karibu, omba rufaa ya kliniki ya ngozi kwa jina.

Nywele zitarudi? Nakwambia ukweli, kwa sababu utakutana na wauza mafuta watakaokwambia vingine. Pale panapong'aa katikati, kwa sehemu kubwa hazirudi. Pembeni, kwenye vinyweleo ambavyo bado viko hai, zinaweza kuimarika na hata kujaa kiasi. Lengo la kwanza la tiba ni kuusimamisha ugonjwa mahali ulipo. Tunatumia steroidi kali za kupaka, yaani dawa za kutuliza uvimbe, au sindano za steroidi zinazochomwa kwenye ule mstari wa pembeni kila baada ya wiki nne hadi sita, na mara nyingi vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, kwa miezi kadhaa. Hapa doksisaiklini inatumika kutuliza uvimbe wa ndani, haimaanishi una wadudu. Haifai kwa mjamzito, inywe na maji mengi ukiwa umekaa wima, na kwa kuwa unashinda juani Mwaloni, vaa kofia pana, maana inafanya ngozi iungue upesi. Minoksidili huongezwa baadaye kuzisaidia nywele zilizobaki. Metformini, ile dawa ya kisukari, inafanyiwa majaribio kwa upara huu na dalili za awali zinatia moyo, lakini waliopimwa ni wachache. Siwezi kukushauri uianze kwa sababu hiyo.

Tafadhali usinunue steroidi mwenyewe dukani. Ni dawa za jamii ile ile inayochanganywa kwenye mkorogo. Zikitumika bila mpangilio huifanya ngozi iwe nyembamba, na zikipakwa kwa wiki chache kabla ya kinyama zinaweza kuficha kile tunachokitafuta.

Kwa sasa, weka pembeni dawa za kulainisha, pasi ya nywele na draya ya moto. Misuko mizito na wivingi wa gundi navyo viache. Wigi si dhambi, ila liwe la kuvaa na kuvua, lisibandikwe. Kunyoa hakuponyi, lakini wengi hupata nafuu, na kwetu sisi madaktari ngozi ya kichwa inaonekana vizuri zaidi.

Simu ya mwanao ninaitaka pia, kwa kazi nyingine. Akupige picha ya utosi mara moja kila mwezi, dirishani mchana, umbali ule ule, mstari wa kugawa nywele ukiwa mahali pale pale, kichwa kikiwa hakina mafuta. Azihifadhi, asiipe programu yoyote. Baada ya miezi sita picha hizo zitamwonyesha daktari kama mstari umesimama au bado unatembea, na hilo ni vigumu kulijua kwa kumbukumbu peke yake.

Siku ya kliniki njoo umefumua na kuosha nywele, na ubebe kila kichupa ulichowahi kupaka, hata kile kisicho na lebo. Ukikatwa, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye chupa ya kinyama, na uulize tarehe ya majibu kabla hujaondoka. Majibu yakirudi yakisema tu kwamba hakuna saratani, usishukuru ukasimama. Kaa, muulize daktari ni upara wa makovu wa aina gani, na kama uvimbe wa ndani bado unaendelea au umetulia. Atakavyokujibu ndivyo vitakavyoamua dawa utakayoanza siku hiyo hiyo.